Safari ya Bunda na Shemeji Manyama

Jumamosi, 15 Novemba 1986

Kumbe ndiyo maana hakuwa na haraka. Asubuhi shemeji Manyama alinipakia kwenye pikapu, eti nipunguze mawazo ya kufiwa na mume wangu, kaka yake. Butiama tulikula mahindi ya kuchoma, tukitazama vilima vilivyoanza kuwa kijani. Tulipofika Bunda akaagiza sato na ugali wa muhogo.

"Kula taratibu, shemeji. Nyumbani unakimbilia nini?"

Jioni nimefika nyumbani Bweri nikakuta zizi tupu. Jirani anasema wadogo zake Manyama waliwaswaga ng'ombe wote mara tulipoondoka, hata yule ndama ambaye marehemu alikuwa akimnywesha kwa chupa.

Petroli haipatikani siku hizi, lakini ya kuniondoa nyumbani aliipata.

Pale Bunda nilisali kabla ya kula. Nilimwomba Mungu ambariki.