Kacheche ka fundi

Shoga, nimekwisha. Mume wangu kaua simu ya mjane hapa dukani, na mjane mwenyewe amekaa mbele yangu!

Unaujua ule mkanda wenye waya anaojifunga mkononi, umeme wa mwilini ushuke ardhini? Kauvua ampe mama wa watu mkono wa pole. Kauvua kwa adabu!

Akasahau kuurudisha. Na lile sweta lake la nailoni, kutwa linasuguana na kiti cha plastiki, linamjaza umeme. Kagusa tu chipu ya kumbukumbu: ta! Kacheche kadogo. Basi.

Sauti ya marehemu mumewe ilikuwa humo tu, hakuna kwingine.

Fundi mzima ananitazama mimi, eti nimsemee.

Mama anatabasamu: "Imepona? Niwekee nimsikie."