Sahani Niliyoirudisha

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wapwa zangu wote watatu. Huku mama hajambo. Miguu bado inamsumbua, lakini uji anakunywa na kunigombeza anaweza, kwa hiyo ujue afya ipo. Mimi ninapumua. Wiki ya tatu sasa sijashika wembe. Nywele nakata kwa mashine, na wanaotaka kunyolewa ndevu nawapeleka kwa kinyozi jirani, maana wembe siutaki mkononi.

Barua yako niliipata Jumatatu na nimeisoma hadi mikunjo imeanza kuchanika. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, mkahawa ule alimokuwa akipika mumeo ni mahali pa namna gani, kwa kuwa huko watu wanakuambia ni kilabu cha walevi. La pili, kwa kuwa siku ile nilikuwa nakula palepale, nikuandikie nilichokiona kwa macho yangu, ili ujue kama uwarudishie ndugu zake vitu vyake na uwaambie watoto kwamba baba yao ni muuaji. Umesema utaamua kwa neno langu. Haya, nitakujibu yote. Nivumilie nianze na lile jepesi.

Unajua watu wa hapa wananiita Ulimi, tangu nianze kuandika safu ya chakula katika lile gazeti dogo la mtaa. Basi kuhusu sehemu za kulia mjini hapa hakuna atakayekuambia kweli kuliko mimi. Siku za kawaida mimi hula nyuma ya gereji, kwa yule mama wa maharage na viazi. Viti vyake vya plastiki, kimoja mguu mfupi, na wenyeji tunakijua kwa hiyo anakalishwa mgeni. Hakuulizi kama umeshiba, anaongeza tu. Kuna pale penye vioo karibu na posta, napo nilipaandika mwezi uliopita: sahani kama beseni, nyama kama kifungo cha shati. Mwenyewe alikuja kibandani kwangu akitaka kunipiga. Nilimkalisha, nikamnyoa, akaondoka ananuna lakini kapendeza.

Mkahawa wa mumeo ni kitu kingine kabisa. Si kilabu. Uko ghorofani, meza zina vitambaa vyeupe, na watu hawaendi pale kwa sababu ya njaa. Pale huenda anayeposa, anayestaafu, anayetimiza miaka ishirini ya ndoa na hajaachwa. Hata kucheka watu hucheka kwa adabu. Nimewahi kumwona mzee mzima akijifuta machozi kwa kitambaa cha meza siku ya kuagwa na wenzake wa kazini, na mhudumu akamletea kingine. Nilipaandika mara mbili na mara zote nilipasifu. Nilikuwa najua mpishi mkuu wao ni mtu mkali, lakini nilisema moyoni kwamba mapishi mazuri hayataki mlegevu. Hayo ndiyo yalikuwa maoni yangu, mimi niliyekaa upande wa vitambaa vyeupe.

Upande wa pili wa mlango, huko jikoni, mumeo alinieleza mwenyewe. Alikuja hapa nyumbani Jumapili moja, sikio limepasuka, kashonwa nyuzi nne. Akasema mpishi mkuu alimpiga kwa upawa wa chuma kwa sababu mchuzi ulichelewa. Akasema kuna mwenzao, muosha vyombo, alibanwa vidole kwa mlango wa friji kubwa hadi viwili vikavunjika, na kesho yake alikuja kazini kuosha kwa mkono mmoja. Akasema wana sheria yao mle jikoni. Sahani ikirudishwa na mteja, aliyeipika huadhibiwa papo hapo, na wengine wote lazima wageuke wautazame ukuta hadi adhabu iishe. Anayegeuza shingo, zamu yake inafuata. Nilimuuliza kwa nini asimrudishie yule mtu ngumi moja ya haja. Akaniambia alikuapia wewe, siku aliyozaliwa kitinda mimba wenu, kwamba hatamwinulia mtu mkono tena maishani, baada ya ule ugomvi wa sokoni uliomlaza ndani miezi mitatu. Miaka tisa hajamgusa mtu. Nikamcheka, dada. Nikamwambia amekuwa kondoo. Unajua utani wetu mashemeji, hauna breki.

Sasa sikiliza. Na mimi nina sheria yangu ya ulaji, tena nilikuwa najivunia. Mahali popote pa heshima, sahani ya kwanza nairudisha, hata iwe tamu namna gani. Mimi hutaka kuona watanichukuliaje: mhudumu atakunja uso, au ataomba radhi? Jikoni watabadilisha, au watapasha moto ileile? Wasomaji walipenda sana kipande hicho. Jumapili ya tukio lenyewe mumeo alikuwa amenipigia simu asubuhi, sauti imejaa furaha, kwamba amepandishwa, amepewa meko ya nyama, niende nikaonje mkono wake.

Nilienda na nguo ya Idi. Nyama ikaja. Dada, nimekula katika mji huu miaka kumi na mitano, sijawahi kuweka kinywani nyama kama ile. Ilikuwa laini, chumvi imekaa pake, nje imeshika rangi na ndani ina maji yake. Nilitamani mama angekuwepo. Kisha nikakumbuka mtihani wangu, na nikakumbuka kwamba anayepika ni shemeji yangu, nikaona hapo ndipo pa kumtania. Nikamwita mhudumu, nikajitia kununa. Nikamwambia airudishe, na amwambie aliyeipika kwamba soli ya kiatu changu ina ladha kuliko hii. Mhudumu akanitazama kama anayetaka kuniomba kitu. Nikamwambia aende. Akaenda, nami nikabaki ninacheka peke yangu.

Yale ya ukuta aliyonieleza nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu haya. Yalikuwa yamepita juu ya kichwa changu. Nilidhani akijua ni mimi atacheka, na wenzake watacheka naye.

Nilisikia ukelele mmoja. Watu mezani waliinua vichwa, wakashusha. Mimi nikainuka, nikasema naenda chooni, maana ujia ni mmoja, nikausukuma mlango wa jikoni. Mashine za kuvuta moshi zilikuwa zinavuma, huwezi kusikia hata hatua zako. Wapishi watatu na muosha vyombo walikuwa wamesimama wima, nyuso zimegusa ukuta. Mpishi mkuu alikuwa amemshika mumeo kifundo cha mkono, ameukandamiza mkono wa kulia juu ya bamba la chuma la kuchomea nyama. Ameukandamiza kwa uzito wake wote. Moshi ulikuwa unatoka kati ya vidole. Harufu yake nilidhani ni ya nyama ya mteja, na hilo ndilo linaloniamsha kila alfajiri. Mumeo alikuwa analia, machozi yanamtiririka, na ule mkono wake wa kushoto ulikuwa huru. Angeweza kumpiga. Ulikuwa umening'inia tu, amekunja ngumi, hauinuki.

Polisi wameandika kwamba mshitakiwa alichukua kikaango cha chuma akampiga marehemu kichwani mara tatu. Mara tatu ni kweli. Na kikaango ni kweli.

Dada, ni mimi.

Nilikichukua juu ya meza ya jikoni, kizito, kimepoa. Pigo la kwanza nilimpiga kisogoni, akamwachia. Akageuka kunitazama, hakunijua ni nani, akashika kisu. La pili likampata hapa juu ya jicho, mfupa ukalia, akaanguka kwa magoti, kisu kikamtoka. Hayo mawili ningeweza kuyatetea mbele ya yeyote. La tatu, alikuwa ameshalala chini, ameinua kiganja anaomba. Nilikiona kile kiganja. Damu ilikuwa imenipanda hadi machoni, nikapiga palepale penye jeraha, kwa mikono miwili, na kitu kikalegea chini ya chuma. Damu yake iliniingia kiatuni. Sikumpiga la tatu kwa ajili ya mumeo. Nilimpiga kwa sababu nilikuwa nimetambua papo hapo kwamba ni mimi niliyeituma ile sahani.

Walioutazama ukuta hawakugeuka. Walidhani adhabu inaendelea.

Mumeo ndiye aliyenipokonya kikaango. Alikichukua kwa mkono uleule ulioungua, ngozi ikabaki kwenye mpini. Akaninong'oneza, na haya ndiyo maneno yake yote: "Mama anakutegemea wewe. Mimi tayari wananijua mkorofi. Rudi mezani kwako, ukale."

Nikarudi, dada. Nilipitia chooni nikafuta kiatu, nikarudi nikakaa. Walikuwa wameniletea sahani nyingine, ya kubadilisha, pamoja na samahani ya wenye mkahawa. Polisi walipofika na kunizunguka wakiniuliza, nikawaambia sikutoka mezani ila kwenda haja. Nikawaambia pia kwamba shemeji yangu ana hasira za karibu na aliwahi kufungwa. Hakuna aliyeniuliza hilo. Nililisema mwenyewe tu. Wakaandika, nikatia sahihi, na sahihi ile ndiyo inayomkaba leo. Mpishi mkuu alikata roho Alhamisi ya wiki ileile, kwa hiyo shitaka limebadilika kuwa la kuua.

Nimemwona mara moja mahabusu. Mkono umefungwa hadi kiwikoni, mwenzake wa chumba ndiye anayemlisha. Hakuniuliza lolote juu yangu. Aliuliza kama wewe umeandika, nikamdanganya kwamba bado.

Basi lile ulilotaka kulijua ndilo hilo. Kiapo alichokuapia hajakivunja. Alikitunza hadi mkono wake ukaiva, na mtu pekee aliyeinua mkono jikoni mle ni mimi ndugu yako, uliyenibeba mgongoni. Vitu vyake usivirudishe. Watoto waambie baba yao yuko mahabusu kwa kosa la mjomba wao.

Mama nimemwombea kwa yule mama wa maharage, amekubali kukaa naye. Sijamweleza mama sababu, nimemwambia nasafiri. Nimepanga kwenda kituoni Jumatano asubuhi. Lakini najijua, dada. Mara mbili nimefika hadi getini nikageuka, nikasingizia mvua, nikasingizia foleni ya wateja. Kwa hiyo naitia barua hii posta leo, kabla sijaenda, na kila jambo nimeliandika kwa mkono wangu na chini nimetia sahihi ile wanayoijua polisi. Ikifika Ijumaa hujapata habari kwamba nimekamatwa, panda gari uje, uipeleke wewe mwenyewe. Usinihurumie. Nikikupigia simu kukuomba uichome, usiipokee simu yangu.

Wapwa zangu wasalimie wote, na yule mdogo mpige busu la shavuni. Majirani wa huko wape salamu zangu kabla hawajasikia. Mama anakusalimu sana, anasema usiache kuja.

Nakuaga kwa mapenzi na kwa aibu.

Mimi mdogo wako,
Kinyozi