Mama Yetu wa Killiniq

Kangiqsualujjuaq, 20 Februari 1978

Mdogo wangu Alasi,

Hujambo? Mumeo Putulik hajambo? Sisi wazima, ila mama hali chakula vizuri. Ndege iliyotutoa kisiwani kwetu Killiniq ilitua huku salama. Yenu nilisikia imewafikisha Quaqtaq, nashukuru. Nilidhani tungepanda pamoja, kumbe serikali iliyofunga kijiji chetu ilikuwa inagawa watu kama mizigo. Sufuria zimebaki jikoni, na nyama ya sili bado imening'inia nje.

Huku kuna miti. Mama anakaa dirishani akilalamika kwamba inamzibia, haoni bahari. Jana kaniambia: "Walikuja Wazungu wa kupima upepo, wakaondoka. Wakaja wa dini, wakaondoka. Wakaja polisi, wakaondoka. Wote tuliwapungia mkono pale ufukweni. Sisi tumeondoka, nani katupungia?"

Swali hilo nakuachia. Mwandikie.

Dada yako,
Maata

Quaqtaq, 3 Aprili 1978

Dada, shikamoo.

Mama naye shikamoo nyingi. Mimi sijambo. Nyumba tulizoahidiwa hazipo. Tumebanana kwa watu, tunapishana kulala. Wenyeji ni wema, lakini wanatucheka tunavyosema. Nikiomba chai wanaigiza sauti yangu, nami nawaambia hicho ndicho Kiinuit chenyewe, chao kimeharibika njiani.

Dada, nina mimba. Mwambie mama, huenda akala. Putulik kila jioni anasimama kutazama upande wa mashariki, kilipo kisiwa chetu. Huku bahari imeganda yote. Nakumbuka mkondo wetu wa bahari pale mlangoni, ulivyokuwa ukinguruma majira yote bila kushika barafu, na sili wakiibuka karibu na nyumba hata katikati ya baridi. Usingizi haunijii vizuri bila ule mngurumo.

Mwambie mama nitamletea mjukuu.

Mdogo wako,
Alasi

Kangiqsualujjuaq, 19 Mei 1978

Mdogo wangu,

Keti kwanza. Mama amefariki. Tulikuita kwa redio ya upepo, lakini dhoruba ilikuwa inakoroma tu, hakuna aliyetusikia. Habari ya mimba ilimfikia. Alicheka, akala supu kidogo, akaomba arudishwe kisiwani. Nilizunguka kwa wanaume wenye mbwa na wenye pikipiki za theluji. Wote waliniambia barafu imeshaoza, hapiti mtu. Nilimwambia mama asubiri kiangazi, tutakwenda kwa boti. Akasema, "Wewe njoo na boti. Mimi natangulia."

Baba amelala kule chini ya mawe. Mama tumemzika huku, udongoni, katikati ya miti. Sikuwa na namna, Alasi. Kama una hasira nami, ziandike, nitazisoma.

Dada yako,
Maata

Kangiqsualujjuaq, 2 Julai 1978

Alasi,

Hamjambo? Ndege ya barua inakuja na kuondoka. Nakwenda kuipokea kila mara, mpaka rubani ananionea aibu, anatikisa kichwa kabla sijamfikia. Umekasirika, au unaumwa? Mimba inaendeleaje? Nitumie hata karatasi tupu, nijue uko hai.

Maata

Killiniq, 11 Agosti 1978

Dada, shikamoo.

Usishtuke kuona nilipoandikia. Barua yako ya msiba niliipata. Nilishika kalamu mara nyingi, nikashindwa. Hasira zilikuwepo, sikatai, ila si kwako. Boti ya wawindaji ilipoanza safari ya huku, nikamwambia Putulik nakwenda. Akasema, "Na tumbo hilo?" Nikamwambia ndilo linalokwenda, mimi nalisindikiza. Mama yake akapakia vitu vyake, akaja nasi.

Milango iko wazi, theluji ilishaingia ndani na kuyeyuka. Sufuria zako nimezikuta, nimezisugua. Kaburi la baba liko vilevile. Mkondo unanguruma. Usiku wa kwanza nililala kama mtoto.

Nimejifungua humu humu chumbani kwa mama, mkwe wangu akinishika. Ni msichana. Nimempa jina la mama, Ilisapi. Basi unajua mwenyewe ilivyo kwetu: aliyepewa jina ndiye yule yule. Huyu sasa ni mama yako na mama yangu, nasi tutamwamkia hivyo. Namnyonyesha mama yangu, dada, na ananing'ang'ania kweli!

Hatutaruhusiwa kukaa. Hakuna duka wala redio, na boti inarudi Quaqtaq kabla ya barafu. Lakini amezaliwa nyumbani. Wawindaji wa kwenu wamepita hapa, ndio wanaobeba barua hii. Wanarudi tena huku. Wape neno lako.

Mdogo wako,
Alasi

Kangiqsualujjuaq, 24 Agosti 1978

Kwa Ilisapi, Killiniq

Shikamoo, mama.

Umefika salama? Mimi sijambo, wajukuu zako hawajambo. Wawindaji wanaondoka alfajiri. Nimewabembeleza wanichukue, botini hakuna nafasi, kwa hiyo inakuja karatasi hii. Alasi atakusomea, maana macho yako bado mageni.

Niliwaambia watoto kwamba bibi yao amezaliwa. Mdogo kauliza kama una meno. Tulicheka, kisha nikatoka nje nikalia peke yangu. Yalikuwa machozi ya kwanza tangu Mei.

Nyonya, unenepe. Safari ya kurudi Quaqtaq ni ndefu na kuna upepo. Sijui lini nitakuona.

Ukianza kusema, mama, niite. Nitakuja.

Binti yako,
Maata