Siku Uliponikalisha Juu ya Chuma cha Daraja

Mpendwa Baba Nakijwa,

Tangu tukuzike pale nyuma ya migomba nimekuwa nikizungumza nawe kimoyomoyo. Leo nimeona nikuandikie, maana lile jambo la daraja hatukulimaliza.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kijiji chetu cha Shighatini kimepata shamba la pamoja ng'ambo ya korongo. Mtaalamu kijana akapanda kutoka Same na vyuma viwili virefu. Akasema tuvilaze juu ya korongo, tupigilie mbao, basi. Siku ya ufunguzi kijiji kizima kingevuka pamoja kikiimba. Wewe, mhunzi, uliviangalia vile vyuma ukavipima unene kwa vidole. Nikajua kuna ugomvi unakuja.

"Ndugu Mwenyekiti," ulisema mkutanoni, "hivi ni vyembamba. Watu wakijaa vitapinda."

"Kwa hiyo unapinga maendeleo?"

Watu wakainamisha macho. Siku zile swali kama hilo lilitosha kumtia mtu mashakani.

Ulilaza chuma kimoja juu ya mawe mawili uliyoyaachanisha kwa upana wa korongo, kisha ukanigeukia. "Mama Nakijwa, njoo ukae hapa katikati."

Mbele ya kijiji kizima, mume wangu. Na unene wangu ule. Nilikaa kwa sababu sikutaka ubaki peke yako mbele ya Mwenyekiti. Chuma kikabonyea, wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Niliposimama kikanyooka chenyewe.

"Kikielemewa kiasi, kinarudi," ukawaeleza. "Kikizidiwa, hakirudi tena. Ndugu Mwenyekiti, karibu ukae na mke wangu."

Mwenyekiti, naye si mtu mdogo, akaja kukaa kwa hasira ili akuumbue. Tukashuka taratibu, bega kwa bega, tukitazama mbele kama maharusi, mpaka tukagusa nyasi. Tulipoinuka chuma kilibaki kimepinda vilevile. Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka Mwenyekiti mwenyewe alipoanza.

Ulikitia motoni ukakinyoosha, mkajenga nguzo ya mawe katikati ya korongo ili vyuma visibebe mzigo peke yao. Watu walivuka wakiimba, hakuna aliyeumia. Mwenyekiti akahutubia kuhusu "utaalamu wetu sisi wananchi" kana kwamba yeye ndiye aliyeugundua.

Mimi sikukusemesha wiki nzima. Ulidhani ni aibu ya kupimwa kama gunia la kahawa, ukawa unanitekea maji bila kutumwa. Siku hizi nyumba imetulia mno, sina hata wa kumnunia.

Haikuwa aibu. Asubuhi ile nilikuwa nikitafuta nafasi ya kukuambia kwamba nina mimba ya mwanetu Mbonea, ukaniwahi kwa kuniita mkutanoni. Nilikuja kukuambia mwezi uliofuata, nikakuficha ilianza lini. Kwa hiyo kipimo chako kilikosea, mume wangu. Juu ya chuma kile tulikuwa wawili kabla Mwenyekiti hajaja.

Pumzika, nami nimepumua.

Mkeo,
Mama Nakijwa