Itifaki Imezingatiwa

Tottenham, London

Kwa dada yangu mpendwa Generosa,

Shikamoo dada. Hamjambo huko Moshi? Mguu wa mama umepunguza maumivu? Na Natasha wangu anakula vizuri? Mimi mwili mzima, ila nimejaa hasira mpaka hapa kooni.

Unaijua sheria ya huku: sisi tunaotunza wazee haturuhusiwi kuleta watoto wetu. Basi wenzetu wa kanisani wakaunda chama cha kuipinga, mwenyekiti Telesphor, yule wa suti za kung'aa. Badala ya kutafuta mwanasheria, wakaunda kamati kama ya harusi: MC, mpiga picha, sare ya kitenge. Nami nikashona! Nilichaguliwa nimweleze mbunge habari za Natasha, nikakariri wiki nzima huku namwogesha bibi ninayemtunza.

Mbunge alitupa nusu saa kule bungeni. Telesphor akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaanza utambulisho wa kamati, mmoja mmoja, kila mtu anasimama, anapunga mkono, anapigiwa makofi. Hata mkewe, mwenye uraia wa huku siku nyingi, akapewa nafasi ya kushukuru. Khaa! Nilipoinuka mimi, kengele ya kuwaita wabunge wakapige kura ikalia. Watu wazima ovyo kabisa.

Nilimkimbilia koridoni, kitenge kinanibana miguu. Nikamwambia kwamba mimi nawaogesha mama zao Waingereza, na mwanangu wa miaka saba anaogeshwa na dada yangu. Hakunificha. Alisema kikundi kinachotaka sheria ibaki hivyo huja ofisini kwake kila mwezi, watu watatu tu, hoja zao tayari, na alishawaahidi kura yake. Sisi ndiyo kwanza anatuona.

Telesphor eti anasema tumefanikiwa! Anasambaza picha WhatsApp na kuchangisha sherehe ya kujipongeza. Mtu hana haya hata chembe.

Sasa dada, kaa chini nikuambie. Nimeacha kazi. Nikiondoka viza inakufa, sirudi tena, na nyumba yetu itaishia kwenye lenta, bila paa. Utanigombeza, najua, nigombeze tu. Nafika Jumamosi.

Natasha usimwambie, tafadhali. Nimemwahidi mara nyingi mno kwamba tutakuwa pamoja. Simu ya mwisho alinijibu "sawa mama" kabla sijamaliza kusema.

Mama msalimie sana, na majirani wote. Kitenge nakuja nacho, mkikate kiwe dekio.

Mdogo wako,
Haika