Salome, Wamekufuta na Wewe

Salome mdogo wangu,

Mahakama imemaliza. Eliza ni wangu sasa kisheria, na baba yake hana tena haki yoyote juu yake. Ungedhani nimerudi Kinyangiri nikipiga vigelegele. Nimerudi na hasira.

Unamjua mwanamume wako. Siku ya kuanua matanga, nguo zako zikigawanywa pale mkekani, wazee walimuuliza nani atakaa na mtoto. Akainamisha kichwa. Alipokiinua, aliomba simu yako. Nikampa simu, nikambeba Eliza mgongoni. Tangu hapo hakuleta hata daftari la shule. Mwaka huu mke wake mpya kajifungua, ndipo akakumbuka ana binti. Akaja kutoka Sekenke, akakaa kwenye kigoda changu, ananiambia, "Shemeji, damu yangu naichukua." Damu gani? Alikuwa anatafuta yaya wa bure.

Ndiyo maana nilikimbilia ustawi wa jamii, wakanielekeza mahakamani. Nilijiandaa kwa vita, Salome. Hakimu alipomuuliza kama anakubali nimwasili mtoto, awe wangu kabisa, alisema, "Nakubali, mheshimiwa," haraka haraka, kama mtu anayekataa chai. Kumbe mdogo wa mkewe ameshakuja kulea kichanga, basi Eliza wa nini tena? Naye Eliza alikuwa nje kwenye benchi, amevaa gauni alilochagua mwenyewe ili baba amwone. Mtoto alishafungua mdomo amwamkie. Akampita.

Wewe ungesema alikuwa na haraka zake. Ulimtetea hivyo hivyo mpaka kitandani, ukiugua. "Dada, atakuja tu." Namchukia, na siku nyingine nakukasirikia na wewe.

Halafu karani akanieleza jambo nililokuwa silijui. Kwenye cheti kipya cha kuzaliwa cha Eliza, mama ni mimi. Nikauliza, na marehemu je? "Ndivyo sheria ilivyo, mama." Nilikwenda kumfuta baba yake, wakakufuta na wewe. Wewe uliyemzaa. Wewe uliyekuwa unamtafunia karanga kabla hajaota meno.

Jana tukipeta alizeti Eliza akaniuliza kama sasa aniite mama. Miaka yote ananiita mama mkubwa, kwa sababu mama ni wewe. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Nikamkaripia. Akaendelea kupeta, machozi yanadondokea kwenye ungo. Baadaye akasema, "Lakini wenzangu wote wana wa kumwita mama."

Nimekulindia jina hilo kwa wivu, Salome, na anayeumia ni mwanao.

Pumzika, mdogo wangu. Akiniita tena, nitaitika. Ila nakuahidi hivi: kila tutakapokuja kupalilia kaburi lako, pale mimi ni mama mkubwa. Neno mama atakuambia wewe, hata kama huitiki.

Dada yako,
Rehema