Sahani ya Mwami

Agincourt, Toronto
Jumapili, 22 Juni 2025

Kaka yangu Thobias,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wifi na wanao wote. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku tu wazima ila tumechoka, na nikisema tumechoka nina maana mimi.

Baba alipoteza ufalme mwaka 1963, akiwa na miaka thelathini na moja. Mwaka huu, kati ya tarehe 9 Februari na 16 Machi, alipoteza kilo kumi na tatu. Hasara ya kwanza umeniandikia kurasa nyingi. Ya pili hujaiuliza hata mara moja, kwa hiyo leo nitakueleza. Naandika kwa mkono, kisha nitazipiga picha kurasa hizi na kukutumia, kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Barua yako nimeisoma. Ukoo umekubaliana kumrudisha Baba kitini tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na serikali haina neno maadamu ni mambo ya mila tu. Mmejenga ua wa matete nyuma ya nyumba ili ale bila kuonekana na mtu, kama inavyompasa mwami. Kazi yangu, umeandika, ni kumfikisha uwanja wa ndege. Sawa. Tangu nizaliwe kazi yangu ni kufikisha.

Kaka, huo ua naujua kuliko ninyi. Tangu Baba aje kwangu mwaka 2011 nimemwekea sahani chumbani, nikageuza mgongo, nikasubiri agonge kijiko kwamba amemaliza. Mara tatu kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya mara elfu kumi na nne. Nilianza maisha hapa kwa kufagia ofisi za watu, tukilala sita katika vyumba viwili kule St. James Town. Leo nina kampuni ya usafi yenye wafanyakazi ishirini na watatu, na bado nilikuwa nawaacha wateja mezani saa saba mchana niende kumgeuzia baba yangu mgongo.

Kanisani ndiko sikuelewa kabisa. Nikiwa mtoto nilimwona amekaa benchi la mbele kila Jumapili, na watu wakienda kukomunika yeye hainuki. Nilipata kipaimara nikiamini baba yangu ana dhambi isiyoungamika. Wewe uliambiwa ukiwa na miaka tisa kwamba zamani padre alikuwa akimpa komunyo kwenye chumba cha sakristia, halafu anageuka. Na kwamba baada ya 1963 paroko mpya alimwambia sasa wewe ni mwananchi, panga foleni. Mimi nililijua nikiwa na miaka hamsini, tena kwa kumuuliza Baba mwenyewe hapa Toronto.

Januari aliteleza kwenye barafu mlangoni, nyonga ikavunjika. Kutoka hospitali alipelekwa makao ya wazee apate mazoezi. Kule wanakula ukumbini, watu thelathini na wawili. Baba aliletewa sahani, akaitazama, akakunja mikono. Siku hiyo na zilizofuata. Kwenye faili wakaandika kwamba anakataa chakula. Macharia, Mkenya anayehudumia wazee pale, aliniambia, mathe, huyu mzee si mgonjwa, ana maringo tu, na bibi wa meza ya pili ameshamwambia kama viazi havitaki basi avisukume kwake. Nilicheka. Halafu nikaonyeshwa mizani. Alipoingia alikuwa na kilo sitini na moja; wiki mbili baadaye, hamsini na tano.

Nilifunga pazia la bafuni, lile lenye maua, kuzunguka kitanda chake. Akala siku mbili. Siku ya tatu wakalitoa, eti ni hatari moto ukitokea. Nikaomba ale chumbani peke yake. Wakasema mzee wa umri ule anaweza kupaliwa, lazima mtu amtazame kila tonge. Tarehe 16 Machi alikuwa na kilo arobaini na nane, na daktari akasema Jumanne watamtia mpira wa chakula tumboni.

Hapa ndipo penye jambo nililokuficha.

Mchana ule nilikaa kitandani kwake nikamwambia kwamba umepiga simu. Kwamba wewe na wazee wa ukoo mmekaa kikao, mmemfungua, anaweza kula mbele ya watu. Nilidanganya, Kaka, kwa jina lako. Aliniuliza ni nani walikuwepo. Nikawataja mmoja mmoja. Akauliza, na Tharcisse, mtunza ngoma ya ufalme, alikubali? Nikasema huyo alikubali kabla ya wote. Baba akasema, kama Tharcisse amekubali, mimi ni nani nikatae. Akaomba uji. Nilipofika kwenye gari ndipo nikakumbuka kwamba Tharcisse mlimzika mwaka 2019, na Baba ndiye aliyeniagiza nikamwombee misa. Sijui kama alisahau au alijua akaamua kunisitiri. Sijamuuliza. Nilichotaka ni ale.

Sasa ana kilo hamsini na saba. Anakula mezani kwangu, pamoja na mjukuu wangu Nuria wa miaka sita, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza. Huyo humwambia afunge mdomo anapotafuna, na mwami anatii. Jumapili ya Pasaka alishika fimbo yake, akapanga foleni kama kila mtu, akakomunika mbele ya kanisa zima. Ni mara ya kwanza katika miaka sitini na mbili. Aliporudi benchini alinishika mkono na hakuuachia mpaka misa ikaisha.

Kurudi nyumbani anataka sana, hilo halina ubishi. Nilimsomea barua yako Alhamisi. Nilipofika kwenye ua wa matete alinisimamisha akauliza, lakini si walinifungua? Tangu hapo ameuliza mara nne, na jana aliacha nusu ya wali wake.

Sitaki unisamehe, wala usiniitie kikao. Wewe ndiye mwanawe wa kwanza wa kiume, na kwa mila neno lako linatosha; langu halijawahi kutosha. Mpigie Baba umwambie kwamba ni kweli mlimfungua, kwamba ua mmeubomoa, na akifika atakula nanyi. Ukifanya hivyo tutapanda ndege tarehe 2 Agosti, nami nitakaa kiti cha pembeni yake. Ukishindwa, sitampeleka mtu wa kilo hamsini na saba kwenda kufa njaa kwa heshima nyuma ya matete, ambako hakuna atakayemwona akipaliwa au akiacha chakula. Atabaki mezani kwangu.

Wifi mpe salamu zangu, na makaburi ya Mama na bibi yapalilieni kabla ya mvua kuanza. Nuria anasema hujambo, hilo neno analiweza.

Wakala wa tiketi ametushikia viti viwili hadi Ijumaa hii, tarehe 27. Siku hiyo, saa kumi na mbili jioni kwa saa za kwenu, huku itakuwa saa tano asubuhi, na simu itakuwa mkononi mwa Baba, si mwangu. Utampigia, ndiyo au hapana?

Mdogo wako,
Leokadia